Moshi wa miti miwili katika maziwa ya Peris

Saa kumi na mbili asubuhi, jua la Isiolo halijaanza ukali wake na Peris Akolong tayari anatokwa na machozi. Amechuchumaa nyuma ya kibanda cha mabati karibu na soko la maziwa, amebana mtungi wa plastiki kwa magoti, na moshi mzito unafuka kutoka mdomoni mwa mtungi huo na kumwingia machoni.

Anachukua vijiti viwili vyenye ncha nyekundu za makaa, anavidondosha ndani, anafunika kwa kiganja na kuutikisa mtungi harakaharaka. Akizubaa kidogo, kaa litatoboa plastiki. Kisha anamwaga vijiti chini, anasogeza pua, ananusa na kutikisa kichwa.

"Bado," anasema. "Hii bado inanuka sabuni."

Mwandishi wa makala haya, ambaye kwa ugeni wake amesimama upande ule ule upepo unakopeleka moshi, anakohoa hadi anajishikilia ukutani. Peris anacheka kicheko cha mtu aliyekuwa akikisubiri kikohozi hicho.

"Pole. Wageni wote husimama hapo hapo."

Peris ana umri wa miaka ishirini na saba. Kazi yake ni kufukiza mitungi ya maziwa ya ngamia, na kila siku ya pili hupanda pikapu hadi Kipsing kuyafuata maziwa hayo kwa wafugaji. Siku njema hubaki na takriban shilingi mia sita. Siku mbaya, maziwa yakiganda njiani, hurudi nyumbani na harufu ya moshi peke yake.

Huku akizungumza, macho yake yanarudi barabarani kila mara. Kuna mama mmoja hupita hapo asubuhi akienda dukani kwake. Jina lake halisi Peris halitaji. Humwita Mama Kahin, kama wanavyomwita wengine wote sokoni.

"Mimi humsalimia kila siku," anasema. "Hajaniitikia tangu mwaka jana. Sitaki kitu kingine kwake. Nataka tu aseme habari."

Ili kuelewa kwa nini salamu moja imekuwa ghali namna hiyo, ni lazima mtu aelewe moshi kwanza.

Maziwa ya ngamia husafiri mbali kwenye joto, na moshi huyasaidia yasiharibike upesi. Lakini moshi pia ni ladha, na kila jamii ina mti wake. Familia za Kisomali za mjini hupenda ukuni wa mzeituni mwitu unaoletwa na wauzaji kutoka milimani. Waturkana wa upande wa Kipsing hutumia kichaka cha kandokando ya mito mikavu wanachokiita edome. Mnunuzi mzoefu akiweka pua mdomoni mwa mtungi, hujua umetoka kwa nani hata kabla hajaona maziwa.

Peris alizaliwa upande huo wa Kipsing. Ukame ulipomaliza mbuzi wa baba yake, mzee Lobokat, Peris aliacha shule akiwa darasa la nane na kuletwa mjini kwa shangazi. Alifua nguo za watu. Alichota maji. Alipika kwenye hoteli ambayo mmiliki wake alikuwa akisahau kumlipa kila mwisho wa mwezi, na ambaye Peris anamwiga hadi leo, kwa sauti ya pua, jinsi alivyokuwa akishangaa kwamba mwezi umeisha tena.

Kazi ya maziwa aliipata kwa Falis Abdiwali, ambaye sasa ana umri wa miaka ishirini na tisa. Babu yake Falis alifika Isiolo akiwa askari enzi za ukoloni, akapewa makao, na ukoo wake umekuwa wa biashara na malori tangu hapo. Falis mwenyewe aliacha chuo karo ilipokosekana baada ya lori la baba yake kupata ajali. Alimwajiri Peris kuosha mitungi. Baada ya muda akagundua kwamba muosha mitungi wake ana pua kali kuliko wote aliowahi kuwaona.

Falis anawasili saa moja kasoro, buibui limekunjwa kiunoni, simu begani.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Umechelewa."

"Abaayo, niache. Umeweka moshi mingi tena? Watu watadhani tunawauzia makaa."

"Wewe kazi yako ni mdomo. Pua niachie mimi."

Wanabishana hivyo hadi pikapu ifike. Anayewaona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani wamekosana. Abaayo kwa Kisomali ni dada, na Falis husema neno hilo hata anapogomba.

Misimu miwili ya kiangazi iliyopita, kulitokea ugomvi kwenye maji ya Kipsing. Wafugaji wa ngamia wa Kisomali na Waturkana wenye mbuzi na ngamia wao walifika kwenye birika moja la kunyweshea mifugo wakati mmoja. Mtu alimpiga ngamia wa mwenzake kwa fimbo ili ampishe. Yakafuata mawe, kisha mlio wa bunduki. Kijana mmoja, Kahin, aliyekuwa akichunga ngamia wa mama yake, alipigwa risasi ya paja.

Upande ule risasi ilikotoka alikuwepo Ekiru, mdogo wake Peris.

"Aliniapia hakushika bunduki. Alikuwa na fimbo," Peris anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mikono yake inatulia. "Mimi namwamini, ni ndugu yangu. Lakini mama ambaye mtoto wake amelala hospitali, kuamini kwangu kutamsaidia na nini?"

Mjini, hakuna aliyetangaza kwamba maziwa ya Waturkana yasinunuliwe. Wateja walianza tu kunusa. Mtungi ukinuka edome, uliwekwa kando kwa upole, na mchana ukapita maziwa yakiwa pale pale. Peris aliyamwaga nyuma ya kibanda huku akilia, na safari hii moshi haukuwa na lawama.

Ndipo Falis alipopata wazo. Kwa nini wasichanganye kuni? Kijiti cha mzeituni na kijiti cha edome ndani ya mtungi mmoja, kisha pua ipotee njia. Walijaribu. Maziwa yakaisha kabla ya saa nne.

"Tulicheka siku hiyo mpaka tukakaa chini," Falis anakumbuka. "Tulijiona wajanja sana. Kumbe tulikuwa wajinga wawili."

Mteja aliyeupenda moshi ule mpya kuliko wote alikuwa Mama Kahin. Alikuwa akinunua mitungi kadhaa na kuituma Nairobi kwa jamaa zake. Alimuuliza Falis ni nani anayefukiza vizuri namna hiyo, na Falis akajibu kuwa ni yeye mwenyewe. Kwa miezi kadhaa, mama aliyeuguza jeraha la risasi ya Kipsing alikunywa maziwa ya Kipsing na kuyasifu.

Asubuhi moja alifika mapema kuliko kawaida. Hakumkuta Falis mbele, akazunguka nyuma ya kibanda. Alimkuta Peris ameinama juu ya mtungi, na kando yake mafungu mawili ya kuni.

"Aliangalia hizo kuni kwanza," Peris anasema. "Halafu akaniangalia mimi. Akaniuliza, wewe ni wa nani?"

Angeweza kudanganya. Mjini Isiolo mtu anaweza kujitafutia jina jingine na mtaa mwingine.

"Nilimwambia, mimi ni Akolong wa Lobokat, wa Kipsing. Sikujua kwa nini nimesema yote. Ilitoka tu."

Mama Kahin aliuweka chini mtungi wa maziwa aliokuwa ameuchukua mbele, akauweka taratibu usimwagike, na kuondoka.

"Angepiga kelele ingekuwa afadhali," anasema Falis. "Mimi ndiye nilimdanganya, na kunitukana alikuwa na haki. Nilikutana naye akitoka, akaniacha tu nimesimama."

Siku hiyo wasichana hao wawili waliamua kwamba hawataficha tena. Waliendelea kuchanganya kuni, kwa sababu maziwa yalikuwa matamu kweli, lakini kila aliyefika kununua aliambiwa kwanza: haya yamekamuliwa na nani, yamefukizwa na nani. Baadhi ya wateja waligeuka na kwenda zao. Baadhi walirudi baada ya wiki, wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Kipato kilishuka hadi Peris akarudia kufua nguo za watu jioni.

Kimya chao kilipovunjika sokoni, hakikurudi. Walianza kusema katika baraza za mitaa. Walijiunga na wenzao wauza maziwa, Habsa, Mborana, akiwa wa kwanza, ambao wote walikuwa vijana na wote walikuwa wamechoka kuishi kwa kusubiri habari kutoka malishoni. Kisha, kiangazi kilipokaribia tena na vijana wa pande zote mbili wakaanza kutazamana vibaya kwenye birika, wakasikia kwamba wazee wamekaa Kipsing mara mbili na kuachana bila kuafikiana.

Katika mikutano kama hiyo, msichana huleta chai. Hasemi.

"Tukajiuliza, sisi tuko na nini ambacho wao wanataka?" Habsa anaeleza. "Tukaona tuko na mitungi."

Hivi ndivyo kazi yao inavyokwenda. Pikapu huondoka mjini na mitungi mitupu iliyofukizwa. Wafugaji huwa wamekamua na wanangoja kando ya njia. Mitungi ikishushwa, maziwa humiminwa na gari hugeuza haraka. Maziwa yaliyokwisha kukamuliwa hayana subira na jua.

Siku ya mkutano wa tatu, wasichana kumi na mmoja walijazana nyuma ya pikapu ya Duba, dereva mwenye maneno mengi na woga mwingi zaidi. "Mimi ni dereva tu, msiniingize kwa hiyo mambo yenu," aliwaambia njia nzima, kwa ushahidi wa wote waliokuwepo. Walipofika Kipsing, wafugaji wakasogea na maziwa yao. Wasichana hawakushuka. Kila mmoja alikaa juu ya mtungi wake.

"Tulisema hakuna mtungi unashuka mpaka wazee wa pande zote mbili wakae chini na wapange zamu ya maji," Peris anasema. "Walidhani tunacheza."

Mzee Esekon, ambaye huwasemea Waturkana wa eneo hilo, alicheka kwanza. Kisha akawaka. Alisema wasichana wa siku hizi wamelewa mji. Wazee wa upande wa pili, ambao hawajawahi kukubaliana naye kwa lolote, wakaitikia kwa vichwa. Huenda hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano ya kwanza ya siku hiyo.

Miongoni mwa waliosimama na maziwa alikuwepo Ekiru. Alimsogelea dada yake na kumwambia kwa sauti ya chini, "Hata yangu hautachukua?"

"Hata yako," alimjibu.

Peris anasimulia haya akichokoa makaa ambayo hayahitaji kuchokolewa. Maziwa ya Ekiru ndiyo humlisha mama yao. Alijua hivyo alipokuwa akisema.

Jua lilipanda. Wafugaji waliokuwa wakiwacheka wasichana wakaanza kuwageukia wazee. Ndipo Peris akasimama juu ya pikapu na kusema kwa Kiturkana, na Falis kando yake akasema kwa Kisomali.

"Sikujua Falis anasema nini," Peris anakiri. "Nilijua tu ananifuata."

Aliyoyasema anayakumbuka vizuri. "Niliwaambia, bunduki moja ikilia hapa, sufuria mjini zinakaa baridi, zetu na zao. Niliwaambia sisi hatuna ngamia, hatuna bunduki, hatuna hata mbuzi. Tuko na hii mitungi peke yake. Mkituulia hii, mmetuua. Na nikasema Kahin ni mtoto wa mtu, na mimi ni dada ya mtu aliyekuwa hapa siku hiyo, na ninaona haya."

Hakukuwa na makofi. Mzee Esekon alitafuna kijiti chake cha mswaki, kisha akamwuliza Duba kama gari lina kivuli upande wa pili. Wazee wakakaa huko. Walipoinuka, zamu ilikuwa imepangwa: upande mmoja asubuhi, mwingine kuanzia adhuhuri, wakibadilishana kila wiki, na kila zamu inasimamiwa na watu wa upande wa pili. Sehemu kubwa ya maziwa ya siku hiyo ilikuwa imeharibika. Ya Ekiru pia.

Zamu hiyo bado inafuatwa, ingawa si bila manung'uniko. Kikundi chao sasa kina wanawake thelathini na wawili, Waturkana, Wasomali, Waborana na Wameru wachache. Wanachangishana kidogo kidogo wanunue jokofu la kutumia nishati ya jua, ili maziwa yasiwe yanawalazimisha kukimbia.

Lakini mtu akimuuliza Peris kama amefanikiwa, hutazama barabarani.

Aliwahi kwenda na Falis nyumbani kwa Mama Kahin kuomba radhi. Aliyefungua mlango alikuwa Kahin mwenyewe, akiegemea gongo. Peris alisahau yote aliyopanga kusema. Kijana huyo aliwakaribisha, akawamiminia chai, na kuzungumza nao kuhusu ngamia. Mama yake hakutoka chumbani. Walipokuwa wakiondoka, Kahin aliwaambia, "Mama atakuja mwenyewe. Msimharakishe."

Ilikuwa miezi saba iliyopita.

Asubuhi ya pili ya mwandishi huyu kibandani, akiwa sasa amejifunza mahali pa kusimama, Mama Kahin anapita. Ni mama mrefu, mwenye mwendo wa polepole, shungi la kahawia, mkoba mkononi.

"Salaam aleikum, mama," Peris anaita.

Mama Kahin anapunguza mwendo. Anatazama moshi unaopanda juu ya paa la kibanda. Kisha anaendelea na njia yake, na Peris anainama tena juu ya mtungi kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Leo amepunguza," anasema baada ya muda. "Umeona? Amepunguza mwendo."

Falis anamtazama. Anachukua kitambaa na kumfuta rafiki yake masizi shavuni.

Jua limeshapanda na mitungi ya Kipsing imepangwa tayari kwa safari pale kijana mwenye gongo anapojitokeza kwenye kona ya soko. Ni Kahin. Chini ya kwapa amebeba kitu kilichofungwa kwa leso ya maua. Anafika, anasalimia, anaketi kwenye kreti ya soda bila kuambiwa, na kufungua fundo.

Ndani kuna chombo cha maziwa cha zamani, kile cha kusukwa kwa nyuzi za mizizi ambacho Wasomali hukiita dhiil. Mkanda wake wa ngozi umechakaa na kung'aa kwa kushikwa na mikono mingi. Falis anashika mdomo. Chombo kama hicho hakiuzwi wala hakiazimwi. Hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na hufukizwa na mikono ya nyumbani.

"Ni ya nyanya yangu," Kahin anasema. "Imekaa tu, haijafukizwa tangu niumie. Mama amesema mpelekee yule msichana."

Peris hanyooshi mkono. "Mimi?"

"Wewe. Amesema ni moshi ule ule. Wa kuni mbili."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Na amesema usiweke mingi."

Falis anaangua kicheko, na katikati ya kicheko analia waziwazi, akimwambia Peris kwamba sasa amesikia, si yeye peke yake anayelalamika. Peris anafuta mikono kwenye sketi, anaifuta tena, kisha anakipokea chombo kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

Pikapu inafika. Duba anapiga honi. Leo ni zamu ya Peris kwenda Kipsing, lakini anamwambia Habsa aende badala yake. Anachagua kijiti cha mzeituni. Anachagua kijiti cha edome, anakitupa, anachagua kingine kilichonyooka zaidi. Kahin anamtazama, mguu mbaya ameunyoosha mbele.

Anafukiza polepole. Ananusa. Anampa Falis anuse, kisha, baada ya kusita, anampa Kahin. Kijana anafumba macho, pua ndani ya chombo cha nyanya yake, na kukaa hivyo.

"Nikurudishie sasa?" Peris anamuuliza.

"Hapana. Mama amesema kesho atakuja kuichukua mwenyewe."

Kahin anapoondoka, Peris anakifunga chombo ndani ya leso na kukiweka kwenye rafu ya juu, mbali na makaa. Anaulizwa na mwandishi huyu ana mipango gani. Anaanza kuzungumzia jokofu la jua, karo ya binti yake Achuka aliye darasa la pili, na mkutano mwingine wa zamu ya maji kabla ya kiangazi. Katikati ya maneno anageuka kukitazama chombo, na kusahau alikuwa amefikia wapi.

"Kesho nitakuja mapema," anasema. "Nitafagia hapa nyuma. Na akiniuliza tena mimi ni wa nani, nitamwambia vile vile."